Neno Lisilopaswa Kupatikana

Jibu lilipaswa kuwa sifuri, na Fundi alikuwa ameshaanza kuinuka kwenye kiti.

Alikuwa na mazoea yake kila alipomaliza kutengeneza programu ya kutafuta maneno. Kwanza alitafuta neno alilojua lipo, kisha akatafuta neno ambalo haliwezi kuwepo hata kwa bahati mbaya. La kwanza likipatikana na la pili likikosekana, basi kazi imekwisha, twende tukanywe chai. Kwa lile la pili siku zote alitumia jina la utani la mwanawe, Kidodosi. Marehemu mume wake ndiye aliyelitunga, kwa sababu mtoto yule alianza kuuliza maswali siku alipojua kuunganisha maneno mawili, na hajanyamaza tangu hapo. Kwa nini maji hayana rangi, kwa nini bibi ana nywele puani, kwa nini baba haamki. Nje ya nyumba yao, majirani wachache na mwenzake mmoja wa ofisini, hakuna aliyelijua neno hilo.

Mchana ule alilichapa, akabonyeza, na skrini ikamwambia: mstari mmoja umepatikana.

Alikaa tena.

Ofisi yao ilihifadhi sauti. Watu walileta kanda za zamani, Masikio, fundi mitambo wa sauti, akazisafisha, na wachapaji wakaandika kila kilichosemwa. Kazi ya Fundi ilikuwa kuyatia maandishi hayo kwenye hifadhidata na kuyawezesha yatafutwe. Alitumia ile ndogo, ya faili moja, inayokaa ndani ya programu yenyewe. Haina seva, haina chumba chake, haina mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi. Unaitia kwenye kompyuta ya mkononi na unarudi nayo nyumbani pamoja na viatu vya mtoto vilivyotoka kushonwa. Skripti yake fupi ilichukua neno, ikaliuliza faharasa, na faharasa ikajibu neno lile limo kwenye mstari upi. Faharasa hiyo ilikaa kando na jedwali lenye maandishi, kama mtu aliyesoma kitabu chote akakariri kila neno liko wapi, hata ukikichukua kitabu bado anakumbuka.

Kanda za wiki ile ziliachwa na mganga mmoja wa majini, marehemu, aliyekuwa akijirekodi akiwa kazini. Mstari uliopatikana ulikuwa huu:

Mganga: Unaitwa nani?
Mgonjwa: Kidodosi.

"Masikio," Fundi aliita. "Hebu njoo uone jambo."

Masikio alikuja na kikombe chake, mtu mnene mwenye hedifoni shingoni saa zote, hata msalani, kama walivyomsingizia. Alisoma, akacheka. "Mwanao ana mambo. Kumbe alianza kazi hizi kabla hajazaliwa?"

"Nisaidie, sitanii. Nitafutie hiyo kanda."

Alimtafutia. Wakasikiliza wakigawana hedifoni, huyu sikio hili, yule sikio lile. Sauti ya mganga ilikuwa ya mama mtulivu, ya mtu anayeulizia bei ya kitambaa. "Unaitwa nani?" Baada yake palikuwa na mchakacho wa kanda tu. "Nimekuuliza, unaitwa nani?" Kimya tena, kirefu, na ndani ya kimya kile mtu fulani alikuwa akipumua karibu sana na kinasa sauti. Kisha mganga akasema, si kwa mgonjwa bali kwa mtu mwingine mle chumbani: "Huyu hana jina. Asipewe."

"Basi mchapaji alikuwa na njaa," Masikio alisema, lakini alivua zile hedifoni. Wakafungua nakala ya mwanzo aliyoileta mchapaji. Mahali pale paliandikwa neno "kimya" na si kingine.

Fundi hakutaka kufikiri. Alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja, na jina la mwanawe lilikuwa limekaa mahali lisipostahili. Aliingia moja kwa moja kwenye jedwali, akaufuta mstari ule, akafunga kompyuta, akaitia kwenye begi na kuondoka.

Nyumbani alikuta umeme umekatika. Mama mkwe wake alikuwa jikoni na taa ya kuchaji, anakatakata vitunguu na kumlaumu waziri wa umeme kana kwamba yumo mle jikoni.

"Umerudi, Mama Kidodosi? Mwambie mwanao aje ale, mimi nimeshamwita mpaka nimechoka. Na hiyo harufu umekuja nayo wewe?"

"Harufu gani, mama?"

"Ya nguo zilizofungiwa zikiwa mbichi."

Fundi alinusa begi lake. Ilikuwa kweli, ilitoka humo. Akaliweka begi sebuleni, akapakua chakula, akaita, "Kidodosi."

"Naam, mama," sauti ya mtoto ikajibu kutoka chumbani. "Mama, kwa nini huku giza?"

"Umeme umekatika, mwanangu. Toka huko uje ule."

"Natokea wapi?"

Alicheka, akachukua sahani na taa, akaenda mwenyewe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nyuma ya mlango hapakuwa na mtu, wala chini ya kitanda. Alipogeuka, mwanawe alikuwa amekaa sebuleni kwenye mkeka, kando ya begi, miguu ameikunja vizuri, anamtazama.

"Si ulikuwa chumbani sasa hivi?"

"Sikuwa chumbani."

"Nilipokuita nani kaniitikia?"

Mtoto alifikiri kwanza. "Hukuniita mimi," alisema.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kisu mkononi. Alimsubiri mtoto aanze kula, kisha akamvuta Fundi kwenye kona ya jiko. "Na mimi nimeisikia," alinong'ona. "Tangu saa kumi inaniitikia. Kila nikienda simkuti. Nilidhani anacheza."

Fundi aliutazama mlango wa chumba. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwa kuona mama mkwe, mwanamke ambaye hata chatu angemfokea, ameshika ukingo wa meza asiuachie.

Siku zilizofuata nyumba ile ilibadilika bila kitu chochote kuhamishwa. Harufu ya nguo mbichi ikawa inakaa, wakianika magodoro inakaa, wakimwaga dawa inakaa. Mtoto alikwenda shule na kurudi, lakini ukimwita Kidodosi haoneshi dalili ya kusikia; unaweza kumwita ukiwa umesimama mbele yake akaendelea kukutazama kwa heshima, na kutoka chumbani, au kabatini, au siku nyingine kutoka ndani ya ukuta wa bafu, sauti yake inaitika, naam mama, na haiishii kuitika, inauliza, mama kwa nini huku hakuna dirisha, mama nani kanifungia, mama mbona mnaniita halafu hamji. Fundi alikuwa akiziba masikio na kusema moyoni kwamba si yeye, si yeye, mwanangu huyu hapa nimemshika mkono, na mkono ule alioushika ulikuwa baridi na haukumbana wala haukujitoa.

Ofisini alirudia kutafuta. Neno bado lilipatikana.

Hilo halikumshangaza kwanza, alijilaumu tu. Alikuwa ameufuta mstari kwenye jedwali bila kuiambia faharasa, kosa ambalo kila mtu wa kazi yake amewahi kulifanya siku ya haraka. Maandishi yameondoka lakini faharasa inaendelea kuapa kwamba yapo. Kilichomtisha ni kwamba mistari sasa ilikuwa mingi. Alifungua mmoja, akafungua mwingine. Kila mahali mganga yule alipomuuliza mgonjwa yule jina akajibiwa kwa kimya, faharasa ilisema hapa pana Kidodosi. Na asubuhi baada ya mama mkwe kumwita mtoto mara nyingi zaidi, mistari iliongezeka.

Alitoa amri ya kuijenga faharasa upya, ifute kila inachokumbuka na isome upya jedwali. Programu ilikataa: faili limeshikwa, kuna mwingine anaandika.

"Nani mwingine?" Masikio aliuliza begani kwake.

"Hifadhidata hii inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati. Akishaishika mmoja, mwingine anasubiri."

"Basi mfunge huyo mwandishi."

Alifunga kila programu. Alichomoa waya wa mtandao. Alizima kompyuta, akaiwasha. Kuna mwingine anaandika. Wote wawili waliitazama kompyuta iliyokaa peke yake mezani, haijaunganishwa na kitu, na ndani yake mtu anaandika.

"Tulifute faili lote," Masikio alisema kwa sauti ndogo. "Kanda ninazo, tutaanza upya. Nitachapa mwenyewe, usiku na mchana."

"Nikilifuta lote nitajuaje kama ametoka? Huku najua yupo. Nikishalifuta nitajua nini?"

Masikio alichukua simu yake. Alikwenda kutafuta namba ya aliyezileta zile kanda.

Alikuwa binti wa mganga, mshonaji wa mapazia, mwanamke wa makamo mwenye futi shingoni na pini kwenye ukosi. Hakufurahi kuitwa. "Mimi nashona," aliwaambia kabla hajakaa. "Kazi ya mama niliiacha. Nilikuwa nikimshikia kinasa sauti tu." Lakini aliposikilizishwa kanda alisahau kukataa, na alipoelezwa jambo lote alikuwa anazungusha futi kwenye vidole.

"Yule alimshinda mama," alisema. "Jini mwenye jina unamwita, unamwamuru, anatoka. Huyu hakuwa na jina. Asiye na jina hana pa kukaa, anazunguka akisubiri. Wewe, dada, ukamwandikia jina mbele ya maneno yake, ukakaa kimya ukingoja jibu. Kwake hiyo ni kupewa."

"Nilikuwa napima programu tu," Fundi alisema, na machozi yakamtoka hapo hapo, mbele ya wafanyakazi wenzake. "Nilikuwa napima tu."

"Najua. Sikulaumu. Sasa anayeitikia jina hilo ndiye yeye. Itabidi limwendee yeye, liondoke naye. Kila mahali lilipowekwa lifutwe, na nyumbani kwako lisitajwe tena. Mtoto aitwe jina la shuleni. Hata wewe usiitwe mama wa jina hilo. Unaweza?"

Kitu pekee ambacho mume wake alimwachia mtoto kilikuwa jina hilo. Fundi alisema anaweza.

Walifanya jioni ileile, jua halijazama, kwa kuwa mshonaji alisema hana haja ya giza. Alifunga madirisha ya sebuleni mwenyewe. Mtoto alikaa kwenye mkeka, Fundi mbele yake na kompyuta mapajani, amri ya kujenga upya imeshaandikwa inangoja kidole. Mama mkwe alikaa nyuma ya mtoto akisoma dua zake chini chini. Masikio alisimama mlangoni, kwa kuwa alikataa kuingia na alikataa kuondoka.

"Nitamwita," mshonaji alisema. "Akiitika, asijibiwe na mtu. Chochote atakachosema."

Akaita. "Kidodosi."

Mtoto wa kwenye mkeka hakutikisika. Chumbani kitanda kililia, kana kwamba mtu amekurupuka. "Naam. Mama, umekuja?"

Fundi aliuma mdomo.

"Kidodosi," mshonaji aliita tena, na safari hii sauti ilikuwa karibu zaidi, nyuma tu ya mlango, na harufu ya nguo mbichi ikajaa sebule nzima mpaka Masikio akakohoa, na kitasa kikaanza kuzunguka taratibu kwenda na kurudi, kama kinazungushwa na mtu ambaye mkono wake hauna nguvu ya kutosha, na sauti ikasema mama nawaona kwenye tundu, mama huyo aliyekaa na bibi ni nani, kwa nini amevaa nguo zangu, mama, mama mbona unaniangalia hunijibu, na mama mkwe akaacha dua zake akaanza kulia bila kufumbua macho, na Fundi akang'ang'ania kompyuta ile kwa mikono yote miwili ili mikono isiende mlangoni.

Mshonaji aliugeuzia mlango mgongo. Alimwinamia mtoto wa kwenye mkeka, na kwa sauti ileile ya kwenye kanda, sauti ya mama yake, akauliza, "Na wewe? Unaitwa nani?"

Mtoto alinyanyua uso. Alilitaja jina lake la shuleni, lote, pamoja na la baba na la babu, bila kukosea.

"Sasa," mshonaji alisema.

Fundi alibonyeza. Programu haikukataa. Hakuna aliyekuwa anaandika tena. Faharasa ilifutika, ikajengwa upya, na kitasa kikasimama katikati ya kuzunguka. Alitafuta lile neno kwa mara ya mwisho, na akapata alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo. Halikuwemo.

Harufu iliondoka kabla hawajafungua madirisha. Masikio aliingia ndani na kucheka ovyo, mama mkwe akambana mtoto kifuani, na mshonaji alikataa hata maji ya kunywa. Alitaka kwenda nyumbani kwake.

Ikawa salama. Mtoto alikula vizuri na kulala vizuri. Aliitwa kwa jina la shuleni akaitika mara ya kwanza tu, kutoka pale pale alipo. Alikunja nguo zake mwenyewe. Mama mkwe, ambaye siku hizi alimwita Fundi "mwanangu" tu kwa kukosa la kumwita, hakuacha kumsifu.

"Amekua huyu," alisema jioni moja, akichambua mchele. "Unajua nimekaa naye kutwa nzima kwa raha? Zamani angeshaniua kwa maswali. Kwa nini hivi, kwa nini vile. Sasa hata moja."

Fundi alikuwa anapiga pasi. Aliacha pasi juu ya sketi mpaka ikaanza kutoa moshi.

Alimfuata mtoto mezani, alipokuwa akiandika kazi ya shule kwa mwandiko ulionyooka. Alikaa karibu naye. "Unajua leo nimeona nini kazini?" alisema. "Paka amevaa viatu. Viatu vyekundu, anapanda ngazi."

"Sawa, mama," mtoto alisema.

"Alikuwa anamtafuta baba yako."

"Sawa, mama."

Alimtazama kichwa kilivyoinamia karatasi. Alikumbuka kimya cha kwenye kanda, na mtu aliyepumua ndani yake, akiulizwa jina na hana. Mganga alisema asipewe. Nao walimkalisha huyo huyo kwenye mkeka, wakamfungia madirisha, wakamuuliza, na safari hii alikuwa na la kujibu. Waliyemfukuza ni yule aliyekuwa gizani anaitika jina lake mwenyewe, anauliza kwa nini hawaji. Fundi aliyaona yote kwa mara moja.

Hapo ndipo aliposikia kwa mbali, si chumbani tena, mbali zaidi ya chumba, pengine chini ya sakafu, pengine mahali pasipo na sakafu, sauti iliyokwisha kuchoka.

"Mama, kwa nini hamniiti tena?"

Lile jina lilimjia mdomoni. Alilisikia lote juu ya ulimi, alivyolitamka mume wake siku ya kwanza, na akafungua mdomo kulisema.

Mtoto aliyekuwa mezani aliweka kalamu chini. Aliuweka mkono wake wa baridi juu ya mkono wa Fundi, na kwa mara ya kwanza akamuuliza kitu.

"Mama," alisema, "ukimwita huyo, mimi nitakwenda wapi?"